Modemu na Simu ya Mezani Zikigoma: Soma Dalili Kabla ya Kugusa Kitu

Malalamiko yanayomfikia fundi wa laini za nyumbani ni yale yale. "Fundi, mtandao umekata." "Fundi, simu inakoroma." "Fundi, kuna taa nyekundu, nimebonyeza kile kitufe cha nyuma na bado." Hilo la mwisho ndilo linaloongeza kazi. Kitufe kilichojificha ndani ya tundu, kile cha kubonyezwa kwa ncha ya pini, hakitengenezi chochote. Kinafuta. Kinafuta jina la akaunti na nenosiri lake, na kwenye modemu yenye tundu la simu mara nyingi kinaondoka pia na usajili wa namba yako ya mezani. Umeanza na waya uliolegea, sasa una matatizo mawili, na la pili huwezi kulimaliza bila mtoa huduma. Kwa hiyo tundu la riseti liache kabisa. Kuzima na kuwasha ni jambo jingine, na hilo tutalifanya mara nyingi.

Jua kwanza laini yako ni ya aina gani, kwa sababu dalili moja ina visababishi tofauti.

Laini ya shaba ni ule waya mwembamba wa nyuzi mbili unaotoka kwenye nguzo, waya wa simu ya mezani wa tangu zamani. Sauti na intaneti vinapita humo humo, na intaneti yake huitwa ADSL. Faiba ni uzi wa kioo unaoingia kwenye kisanduku ambacho mafundi hukiita ONT, na simu huchomekwa kwenye tundu lililoandikwa TEL, POTS au PHONE. Aina ya tatu ni ruta ya kadi ya simu, ya 4G au 5G, ambayo baadhi yake zina tundu dogo la simu nyuma.

Kwa aina zote tatu, kabla ya kuchomoa chochote piga picha ya taa za mbele na picha ya nyaya za nyuma. Kisha zima kifaa kwenye umeme, subiri dakika mbili, washa, kipe dakika tano. Modemu ya ADSL huhitaji muda kukubaliana na mtambo wa upande wa pili, na anayezima na kuwasha kila baada ya sekunde thelathini haipi nafasi hiyo. Tatizo likirudi, tafuta dalili yako hapa chini.

SIMU INAKOROMA, AU INTANETI INAKATIKA KILA SIMU IKIITA (LAINI YA SHABA)

Hii ndiyo inayoongoza kwenye laini za shaba, na mara nyingi dawa yake haizidi bei ya filta moja, kile kisanduku kidogo kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti.

Sauti ya simu hutumia masafa ya chini, yasiyovuka kilohezi 4. ADSL huanzia karibu kilohezi 25 na kupanda hadi 1,104, na ADSL2+ hufika 2,208. Vikiachwa bila kutenganishwa, mlio wa intaneti unaingia sikioni kama mvumo wa mafuta yanayokaangwa, na simu ikiita, umeme wa kengele, ambao ni volti 70 hadi 90 hivi, unaipiga modemu usoni na kuiangusha.

Kisababishi cha kwanza: kuna kifaa kwenye laini kisicho na filta. Watu huweka filta kwenye simu ya sebuleni wakasahau ya chumbani. Zunguka nyumba nzima. Simu ya kodlesi, faksi ya zamani, alamu ya ulinzi inayopiga simu yenyewe, mashine ya kadi kama una duka mbele ya nyumba: kila kimoja kinahitaji filta yake. Kisichohitaji ni modemu peke yake.

Cha pili: filta imewekwa kinyume. Spliti, yaani filta yenye tundu la simu na la modemu, ina matundu matatu. LINE huenda ukutani, PHONE kwa simu, MODEM au DSL kwa modemu. Nimekuta mara nyingi modemu imechomekwa PHONE, na mwenye nyumba anashangaa mbona simu inasikika vizuri ila taa ya DSL, ile ya laini ya intaneti, haitulii. Lazima iwe hivyo, kwa sababu tundu la PHONE kazi yake ni kuzuia kile ambacho modemu inakitaka.

Cha tatu: filta imekufa. Hazidumu milele, hasa baada ya radi. Badilishana na ya simu nyingine uone kama mkoromo unahama nayo.

Cha nne ni maungio. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye ugonjwa wa kweli kwenye nyumba za pwani. Chomoa kila kitu nyumbani, modemu na simu zote. Chukua simu moja ya kawaida, ya waya, isiyotumia umeme wa ukutani, uichomeke kwenye soketi ya kwanza kabisa pale waya unapoingia. Nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili mlio wa laini unyamaze, kisha sikiliza ukimya kwa sekunde chache. Ukimya ukiwa safi, tatizo liko ndani ya nyumba, kwenye soketi zako nyingine au nyaya zake. Ukisikia kukwaruza, tatizo liko kwenye soketi hiyo au nje.

Kama kisanduku cha maungio kiko ukutani kwa nje, kwa kimo chako, hali ni ya kiangazi na hakuna dalili ya mvua, unaweza kukifungua kwa bisibisi ili uangalie tu. Utakachokiona kwenye kisanduku kibovu ni hiki: waya wa shaba umegeuka kijani na una unga mweupe shingoni, maungio yamesokotwa kwa vidole na kufungwa kwa selotepu ya karatasi, kona ya chini kuna udongo wa sisimizi, na juu yake mjusi ameacha mayai. Unyevunyevu ukiingia humo, laini inakoroma wakati wa mvua na kupona jua likiwaka. Mteja akisema "ikinyesha ndiyo inaharibika," jibu ni kisanduku hicho au kingine kama hicho kule kwenye nguzo.

SIMAMA HAPA: nyaya hizo zina volti 48 hivi wakati wote, na simu ikiita zinapanda juu ya 70. Haziui mtu mzima mwenye afya kirahisi, lakini zinashtua, na mtu akishtuka juu ya ngazi anaanguka. Usipande ngazi. Usiguse chochote kwenye nguzo, kwani nguzo nyingi mitaani hubeba waya wa simu na wa umeme pamoja. Maungio ya nje ni ya mtoa huduma, mwachie fundi wake.

TAA YA DSL INAPEPESA HAITULII, AU HAIWAKI KABISA

Anza kwa kunyanyua simu. Mlio wa laini upo? Kama haupo hata kwenye soketi ya kwanza, laini yenyewe imekufa, na modemu haina kosa. Nyaya za shaba huibwa, hukatwa na mafundi wa maji wanaochimba mtaro, na hukatwa pia kwa bili isiyolipwa. Angalia bili, kisha ripoti.

Mlio ukiwepo na DSL haiwaki, visababishi kwa mpangilio wa vinavyotokea zaidi ni waya kati ya ukuta na modemu, kisha nyaya za ndani ya nyumba, kisha umbali.

Waya: ule bapa mwembamba uliokuja kwenye boksi ni wa mita chache kwa makusudi. Ukiunga ekstensheni ya simu ya mita 15 ili modemu ikae chumbani, unaingiza ishara kwenye waya usiosokotwa unaookota kila kelele ya friji na taa. Hamishia modemu karibu na soketi ya kwanza, na umbali uumalize kwa waya wa mtandao kutoka kwenye modemu hadi kwenye kompyuta. Waya huo unaenda mita 100 bila kulalamika.

Angalia pia kama plagi ya simu imeingizwa kwenye tundu la LAN, lile la waya wa mtandao. Plagi ya simu ni nyembamba, nayo huingia kwenye tundu pana la LAN bila kugoma, lakini inakunja vishikizo vya pembeni, na simu ikiita volti zake zinaweza kuiunguza bandari hiyo.

Nyaya za ndani: soketi ambazo hazitumiki ila bado zimeungwa kwenye laini hurudisha mwangwi wa ishara. Nyumba zenye soketi kila chumba huteseka kwa hili. Chomeka modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza. Ikitulia, ama soketi za ndani zikatwe, ama fundi aweke spliti moja pale laini inapoingia na kupeleka simu upande mmoja na modemu upande mwingine.

Umbali: fungua ukurasa wa modemu kwenye kivinjari, kwa kawaida 192.168.1.1, tafuta hali ya DSL. Kuna namba mbili za kusoma. SNR Margin ni akiba ya ishara juu ya kelele, na ikiwa chini ya 6 dB, laini itakatika-katika. Ikiwa 10 na kuendelea, tulia. Attenuation ni upotevu njiani, na ikivuka 60 dB uko mbali mno na kituo cha simu na hakuna mpangilio utakaokusaidia. Ile kasi ya megabiti 24 inayotajwa kwa ADSL2+ ni ya walio jirani sana na mtambo. Kwenye kilomita 5 ukipata mbili au tatu ushukuru, na anayekuuzia kifurushi kikubwa kwenye laini hiyo anakuuzia karatasi.

LOS INAWAKA NYEKUNDU (FAIBA)

LOS maana yake mwanga haufiki. Visababishi, kuanzia cha kawaida:

Uzi umepindwa au umebanwa. Fuata uzi kwa macho kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku. Mguu wa kabati, bawaba ya mlango, msumari wa kushikilia waya uliogongwa kwa nguvu, au waya uliokunjwa kona kali ili upendeze nyuma ya runinga. Kioo hakikatiki tu, kinaweza pia kuvujisha mwanga kwenye kona. Legeza, acha mviringo usiopungua upana wa kikombe cha chai, subiri dakika moja. Mara nyingi LOS inazimika hapo hapo.

Plagi imelegea. Plagi ya kijani isukume polepole hadi ilie "tik". Usiichomoe kwa ajili ya "kuipangusa". Ncha yake ikiguswa na kidole au kitambaa, vumbi na mafuta ya ngozi vinaziba njia ya mwanga, na hapo tatizo la mtaani unalifanya la kwako.

Kukatika nje. Uliza jirani mwenye faiba ya kampuni ile ile. Kama naye ana nyekundu, weka kifaa chini ukanywe chai, kwani kazi iko barabarani.

LOS ikiwa imezimika lakini PON, taa ya mawasiliano na mtambo, inapepesa bila kutulia, mwanga unafika ila mtambo haukitambui kifaa chako. Hilo ni la usajili, hasa kama umebadilishiwa kisanduku karibuni. Piga simu, soma namba ya SN, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, iliyo kwenye kibandiko.

Anayeweza kuingia ukurasa wa ONT (nyingi za Huawei ni 192.168.100.1) atakuta nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm, ikiwa na alama ya kutoa. Iwe kati ya -8 na -27. Mafundi hawapendi ishuke chini ya -25, kwa sababu inakosa akiba. Ukiona -29, usimruhusu mtu wa huduma kwa wateja akuambie ubadilishe nenosiri la Wi-Fi.

SIMAMA HAPA: usichungulie ndani ya uzi wala tundu la faiba, hata kama huoni mwanga. Mwanga wake hauonekani kwa macho, na madhara yake jicho halitayajua mpaka yamekwishatokea. Uzi ukikatika usiuunge kwa gundi wala tepu, na vipande vyake vya kioo usiviguse kwa mikono mitupu, maana huingia kwenye ngozi na kutoka ni kazi. Kuunga faiba kunahitaji mashine maalumu.

SIMU HAINA MLIO KWENYE MODEMU YA FAIBA AU RUTA YA KADI

Hapa wengi hudhani simu imeharibika. Anza hivi.

Angalia taa ya TEL. Ikiwa imezimika, namba yako haijasajiliwa kwenye kifaa. Kama intaneti inafanya kazi na simu peke yake imenyamaza, sababu ya kwanza ni akaunti ya simu kutowekwa au kusimamishwa, au umebonyeza lile tundu la riseti. Hutaweza kuiweka mwenyewe kwa kuwa nenosiri la simu mtoa huduma hampi mteja.

Kama kifaa kina matundu mawili, TEL1 na TEL2, namba moja hukaa kwenye tundu la kwanza. Hamisha plagi.

Jaribu simu nyingine na waya mwingine. Waya wa mkono wa simu, ule uliojikunja kama utumbo, si sawa na waya wa ukutani ingawa plagi zinafanana. Plagi yake ni nyembamba zaidi.

Umebadilisha ruta? Hili limeongezeka. Mtu ananunua ruta yake Kariakoo, nzuri, yenye antena sita, anang'oa ile ya kampuni na kuweka yake. Intaneti inakuja, simu inakufa, kwa sababu sauti husafiri kwenye njia yake ndani ya faiba na usajili wake umo ndani ya kisanduku cha kampuni. Rudisha kisanduku, weka ruta yako nyuma yake, chomeka waya kutoka LAN ya kisanduku hadi WAN ya ruta, tundu lake la kuingizia intaneti. Anwani zao zote mbili zikiwa 192.168.1.1 zitagongana, kwa hiyo ya ruta ibadilishe iwe 192.168.2.1.

Sasa kosa linalounguza vifaa. Nyumba ilikuwa na laini ya shaba, sasa imehamia faiba, na mwenye nyumba anataka zile soketi za zamani za kila chumba ziendelee kuita. Anachukua waya kutoka TEL ya kisanduku kipya anauchomeka kwenye soketi ya ukutani. Wazo si baya, linafanya kazi, kwa sharti moja: laini ya zamani inayotoka nje iwe imekatwa kwenye kisanduku cha kuingilia. Isipokatwa, zile volti 48 za kituo cha simu zinakutana na volti za kisanduku chako, na tundu la TEL linaungua. Hata kama laini ya zamani "imekufa", inaweza kufufuka siku yoyote, au ikaleta radi. Mwite fundi aitenganishe kwanza. Na usiunge simu nyingi za kengele za zamani kwa wakati mmoja, kwani tundu moja halina nguvu ya kuziitisha zote. Ukiona zinalia kinyonge au hazilii kabisa, punguza.

Kwa ruta za kadi: tundu la simu hufanya kazi iwapo tu modeli ya ruta na kadi yenyewe vinaruhusu sauti. Kadi nyingi za vifurushi vya intaneti ya nyumbani ni za data tupu. Uliza kabla ya kununua simu.

Jambo la mwisho kwenye dalili hii ni umeme. Simu ya shaba ya kawaida ilikuwa inakula umeme wa kituo cha simu, ndiyo maana ilifanya kazi hata mtaa mzima ukiwa gizani. Simu ya faiba inakufa pamoja na umeme wa nyumbani. Kama nyumbani kuna mzee au mgonjwa anayeitegemea kupiga 112, nunua betri ndogo ya akiba ya volti 12 kwa ajili ya kisanduku, au hakikisha simu ya mkononi ina chaji.

SIMU INA MLIO, LAKINI HAIPIGI, AU SAUTI NI YA UPANDE MMOJA

Ukibonyeza namba na mlio wa laini hauishi, geuza simu chini utafute swichi ya T na P. Iwe T. Simu za zamani za kuzungusha, na zilizowekwa P, hutuma namba kwa mapigo, na visanduku vingi vya faiba havielewi mapigo.

Ukisubiri sekunde kadhaa baada ya kubonyeza ndipo inaita, hiyo si hitilafu. Kifaa kinasubiri kuona kama utaongeza tarakimu. Kwenye vifaa vingi ukimaliza namba bonyeza # iende mara moja. Namba ya mezani ipige pamoja na namba ya mkoa, 022 kwa Dar es Salaam, 024 kwa Zanzibar, 027 kwa Arusha, hata kama unampigia jirani.

Sauti ya upande mmoja, yaani wewe unamsikia yeye hakusikii, mara nyingi huwapata waliochomeka kifaa cha simu ya intaneti nyuma ya ruta yao wenyewe. Ingia kwenye ruta, tafuta SIP ALG, kipengele kinachoingilia simu za intaneti zikipita, kizime, uwashe ruta upya. Sauti ikikatika vipande vipande wakati mtoto anapakua mchezo, laini imejaa upande wa kupandisha. Tafuta kipengele cha QoS, cha kupanga nani apite kwanza, na uipe sauti kipaumbele.

TAA ZOTE NZURI, INTANETI HAKUNA

Kifurushi kimeisha. Ndiyo, anza hapo. Hata waliolipa, malipo ya simu wakati mwingine hukwama njiani. Tafuta ujumbe wa uthibitisho.

Kisha jaribu kwa waya, si Wi-Fi. Kompyuta ikipata anwani inayoanza na 169.254, haikupewa kitu na modemu, kwa hiyo badilisha waya au bandari. Ikipata 192.168 lakini tovuti hazifunguki huku WhatsApp ikipitisha ujumbe, DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, ndiyo inayogoma. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye mipangilio na ujaribu.

Kwa ADSL, taa ya Internet ikiwa nyekundu huku DSL imetulia, jina au nenosiri la PPPoE, yaani la akaunti yako ya intaneti, limekataliwa. Liandike upya polepole, ukiangalia herufi kubwa na ndogo. Laini ikiwa imetoka kukatika ghafla, mtambo wa mtoa huduma unaweza kudhani bado uko ndani na kukunyima mlango. Zima modemu dakika kumi. VPI na VCI, namba mbili za njia kwenye mipangilio ya ADSL, zisibuniwe, maana kila kampuni ina zake.

POLEPOLE, HASA USIKU

Pima kwa waya kwanza. Kwa waya ikiwa sawa, tatizo ni Wi-Fi yako, na hakuna mtoa huduma atakayelitatua. Toa modemu ndani ya kabati la runinga, ipandishe juu, mbali na friji. Ukuta wa tofali za saruji na zege la ghorofa hula 5 GHz haraka, 2.4 GHz hupenya zaidi ila imejaa majirani. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11. Na ukumbuke megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, hivyo faili linaloshuka kwa kasi hiyo halijapunjwa.

Kwa waya ikiwa polepole jioni tu na asubuhi inakimbia, mtaa mzima umo mtandaoni. Pima saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, uhifadhi matokeo.

INAJIZIMA NA KUJIWASHA

Adapta. Karibu kila mara ni adapta. Angalia maandishi yake yafanane na ya kifaa: volti zilingane kabisa, ampea zisipungue. Plagi ya volti 9 na ya volti 12 huwa na kichwa kile kile, na mtu akichanganya chaja za nyumbani, kifaa cha 12 kitawaka kwa 9 lakini kitajikata kikianza kufanya kazi. Kinyume chake kinaunguza. Adapta ikiwa moto wa kushindwa kushika, au ina harufu, ichomoe na usiirudishe.

BAADA YA RADI

Masika na vuli ndiyo misimu ya modemu kufa. Radi huingia kwa njia mbili, umeme na waya wa simu, na wengi huchomoa umeme peke yake. Mawingu yakianza kunguruma chomoa vyote viwili, kabla, si wakati radi zinapiga. Zikiwa zimeshaanza, usiguse waya wala simu ya waya. Soketi yenye kinga isiyo na ethi ya kweli ni ekstensheni ya bei ghali.

Ikiwa imepigwa: taa ya umeme inawaka, DSL haiwaki tena, na simu ya kawaida kwenye soketi ina mlio mzuri. Hapo upande wa DSL wa modemu umekufa. Kuifungua kutafuta kipande kilichoungua ni kupoteza muda kwa kifaa cha bei hii. Soketi ya ukutani ikiwa nyeusi au imeyeyuka, SIMAMA HAPA: zima swichi kuu, mwite fundi umeme mwenye leseni kabla ya fundi wa simu.

UNAPORIPOTI

Usiseme "mtandao haufanyi kazi," utaambiwa uzime na kuwasha. Sema hivi: "Laini ya shaba, namba fulani. Nimechomoa kila kitu, simu moja kwenye soketi ya kwanza, inakwaruza hata baada ya kubonyeza tarakimu." Au: "Faiba, LOS nyekundu tangu saa nne asubuhi, uzi haujapindwa, jirani wa kampuni yenu anapata." Wape ile picha ya taa. Omba namba ya ripoti, iandike pamoja na tarehe na saa, na fundi akija usimruhusu aondoke kabla hujapiga simu moja na kupokea moja kwenye simu ya mezani, kwa sababu wengi hupima intaneti kwa simu zao za mkononi, wakaona inafunguka, wakaondoka. Kama wamepiga danadana, Tanzania malalamiko hupelekwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, na Kenya kwenye Mamlaka ya Mawasiliano, nako kitu cha kwanza watakachouliza ni ile namba ya ripoti.